Semina, warsha, mashindano au siku ya waajiri: tukio lipi la ndaki ya uhandisi lichukue muda wako?

Ukisimama mbele ya ubao wa matangazo wa ndaki ya uhandisi katikati ya muhula, utakuta karatasi zimepandana. Idara ya umeme ina semina ya utafiti. Karakana imefungua usajili wa warsha ya kuchomelea. Timu ya gari la mashindano inatafuta wanachama wapya. Chini kabisa, likiwa limefunikwa nusu, lipo tangazo la siku ya waajiri. Yote ni ya wiki ileile, mawili yamegongana saa, na ripoti ya maabara inatakiwa Ijumaa.

Ushauri wa kawaida ni "hudhuria yote unayoweza". Huo ni ushauri wa mtu asiyedaiwa ripoti. Matukio haya hayafanyi kazi moja: lipo linalokufundisha kuuliza, lipo linalokuzoesha zana, lipo linalokuruhusu ushindwe hadharani wakati kushindwa bado hakumletei mtu hasara. Hapa nimeyagawa makundi matano na kuyauliza maswali yaleyale. Usitarajie nimtaje mshindi mmoja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyejua tofauti ya fani mbili, na mwenzake anayehangaika kupata mada ya tasnifu, hawana shida moja.

## Tunapima kwa nini

Kwanza muda, na sisemi muda ulioandikwa kwenye tangazo. Semina ya saa moja inaweza kuwa saa moja kweli. Mashindano ya "siku mbili tu" yanaweza kuwa na miezi ya maandalizi nyuma yake.

Pili, aina ya maarifa. Je, ni kina katika jambo dogo, au upana usiozama popote? Na unahitaji kujua nini kabla ya kuingia?

Tatu, mikono: utashika kitu, au utamtazama mwingine akishika?

Nne, watu. Utakaa karibu na nani, kwa muda gani, na je, atakukumbuka?

Tano ni kipimo ambacho wengi hukiruka. Mwezi mmoja baadaye, utakuwa na nini cha kumwonyesha mtu ambaye hakuwepo? Cheti cha ushiriki sikihesabu. Kinathibitisha kwamba ulikaa kitini, na msomaji wa wasifu anayeijua kazi yake hukipita bila kusimama. Akisoma "nilisanifu kanyagio la breki la gari la timu", hapo anasimama, kwa sababu ana swali la kukuuliza.

## Semina ya utafiti ya idara

Hii ndiyo ya kawaida kuliko zote na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Mtoa mada mmoja, awe mhadhiri, mtafiti mgeni au mwanafunzi wa uzamivu, anaeleza kazi yake kwa dakika 40 au 50, kisha yanafuata maswali. Utetezi wa tasnifu ulio wazi kwa wote nauweka katika kundi hilihili.

Kwa muda, hakuna iliyo rahisi kuliko hii: saa moja, na dakika kumi za kusoma ikisiri kabla ya kwenda. Hizo dakika kumi usizikwepe. Asiyesoma ikisiri hutumia nusu ya semina akitafuta tatizo ni nini, na akishalipata, mtoa mada yuko kwenye matokeo.

Maarifa yake ni ya kina katika eneo jembamba. Mtu anaweza kutumia saa nzima kueleza jinsi ufa unavyokua katika kiungo kimoja kilichochomelewa, au jinsi umeme wa upepo unavyoyumbisha masafa ya gridi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataelewa slaidi za mwanzo, atapotea milinganyo ikianza, na atarejea kwenye hitimisho. Asione haya, hata wahadhiri wa fani nyingine waliokaa mstari wa mbele hupotea palepale, ila wao wamezoea kupotea kwa utulivu.

Faida kubwa iko kwenye maswali. Sikiliza yanayoulizwa: umechaguaje masharti ya mpaka? Kwa nini sampuli tano na si ishirini? Gridi ya hesabu ukiifanya laini zaidi, jibu linabaki lilelile? Hayo ndiyo maswali utakayorushiwa wewe siku ya kutetea mradi wako wa mwaka wa mwisho, na hapa unayasikia yakimpata mtu mwingine, tena bure. Ukihudhuria semina za muhula mzima utagundua kwamba maswali makali yanarudi yaleyale, yakibadilisha mavazi tu.

Mikono: hakuna.

Watu: hapa semina inazidi matukio makubwa kwa mbali. Chumba ni kidogo, wahudhuriaji ni wachache, na mhadhiri anayekuona mara ya tatu katika semina za eneo lake anaanza kukutambua. Wasimamizi wa miradi hupatikana hivyo zaidi kuliko kwa barua pepe. Wanafunzi wa uzamivu nao mara nyingi wana data ya kuchakata au vifaa vya kufunga maabara, na wanatafuta msaidizi asiye na haraka.

Kinachobaki kinategemea daftari lako. Andika mistari mitatu kwa kila semina: tatizo lilikuwa nini, mbinu ipi ilitumika, swali gani limebaki wazi. Mwisho wa muhula utakuwa na orodha ya mada za mradi ambayo wenzako wataanza kuitafuta wiki ya mwisho.

Ubovu wake usifichwe. Ubora wa semina unategemea mtoa mada, na wapo wanaosoma slaidi zao neno kwa neno wakiupa ukumbi mgongo. Anayeona hawezi kumvumilia mtu wa namna hiyo kwa saa nzima, atafute shindano la tasnifu kwa dakika tatu, lililoanzishwa na Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008 na sasa limeenea vyuo vya nchi nyingi. Kanuni zake ni kali: dakika tatu, slaidi moja isiyosogea, na maelezo yanayoeleweka kwa asiye mtaalamu. Nusu saa inatosha kusikia kazi kumi. Kwa mwaka wa kwanza, huko ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko semina kamili.

## Mhadhara wa mgeni mashuhuri

Ukumbi mkubwa, hotuba za ukaribisho, kisha mgeni. Muda ni saa mbili hivi, na sehemu yake si ndogo huenda kwa itifaki. Maarifa ni mapana, mikono haina kazi, mgeni mwenyewe utamwona kwa mbali, na kinachobaki ni hamu. Hamu nayo si ya kubeza, hasa katika muhula wa pili wakati hesabu zimekuwa nzito na hujaona bado zinaelekea wapi.

Lakini mihadhara haifanani, na tofauti yake inaweza kuonekana kwenye tangazo. Tarehe 29 Desemba 1959, huko Caltech, chuo cha teknolojia cha California, mwanafizikia Richard Feynman aliwahutubia wanafizikia wenzake wa Marekani kuhusu kutengeneza vitu vidogo kupita kiasi. Hakuishia kusifu wazo. Aliahidi zawadi mbili za dola 1,000 kila moja: ya kwanza kwa atakayeunda mota ya umeme inayoenea ndani ya mchemraba wenye upande wa inchi 1/64, yaani kama milimita 0.4, ya pili kwa atakayepunguza ukurasa wa kitabu mara 25,000 kwa urefu na kwa upana. Mhandisi William McLellan alikamilisha mota mwaka 1960, tena kwa zana za kawaida, jambo lililomvunja moyo kidogo Feynman aliyetumaini mbinu mpya ingezaliwa. Zawadi ya pili ilikaa hadi mwaka 1985, ilipochukuliwa na Tom Newman, mwanafunzi wa Stanford.

Ninachokiona hapo ni kwamba mhadhara uliotoa vipimo uliwapa watu kazi ya kwenda kufanya. Kwa hiyo soma mada. Ikiwa inataja tatizo ambalo halijatatuliwa, nenda. Ikiwa ni historia ya mafanikio ya mgeni, utaisoma siku nyingine ukiwa umejilaza.

## Warsha na kozi fupi

Kuchomelea, kulehemu bodi za saketi, kuchora kwa kompyuta, kuchanganua mkazo kwa programu, kuandikia programu vidhibiti vya mitambo. Warsha huwa ya nusu siku hadi siku tano.

Muda wake hauna mtego: ukimaliza umemaliza. Mtego uko kwa baadaye, maana ustadi usiotumiwa hupukutika haraka. Mtu aliyejifunza programu ya uchoraji mwezi wa kwanza na kuifungua tena mwezi wa sita anaanza upya, tena akiwa na kiburi cha aliyekwisha kufundishwa.

Maarifa ni ya kutenda na huhitaji msingi mdogo. Mikono ndiyo sababu ya warsha kuwepo, na ndiyo maana swali la kuuliza kabla ya kujisajili ni moja: vifaa ni vingapi, washiriki ni wangapi? Watu arobaini wakizunguka kerezo moja, mmoja anajifunza na wengine wanaangalia. Waandaaji waaminifu hutaja idadi ya nafasi kwenye tangazo na hufunga orodha ikijaa. Tangazo linalosema "wote mnakaribishwa" kwa warsha ya kulehemu linanipa mashaka.

Watu: mafundi sanifu wa karakana na maabara. Wanafunzi wengi hawalioni hili kuwa faida, lakini fundi sanifu anayekujua kwa jina, na aliyekuona ukirudisha zana mahali pake, ndiye atakayekuelekeza siku mradi wako wa mwaka wa mwisho utakapogoma.

Kinachobaki ni kitu cha kushika: kiungo ulichokichomelea, bodi inayowaka taa, faili ya mchoro. Kipige picha, hifadhi faili, andika ulichokifanya siku hiyohiyo.

Mfano bora ninaoujua wa kozi fupi iliyozaa matunda ni wa shule ya uhandisi. Kuanzia Julai 8 hadi Agosti 31, 1946, Shule ya Moore ya Uhandisi wa Umeme katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania iliendesha kozi ya wiki nane kuhusu usanifu wa kompyuta za kielektroniki, na miongoni mwa wakufunzi walikuwapo J. Presper Eckert na John Mauchly, waliosanifu ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki. Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alikwama kwa kukosa nafasi melini, akawahi wiki za mwisho tu. Zilimtosha. Alianza kusanifu mashine yake akiwa baharini kurudi nyumbani, na mwezi Mei 1949 EDSAC ikafanya hesabu zake za kwanza. Wilkes alikuwa na maabara ya hesabu iliyokuwa ikimsubiri na kazi ya kufanyia alichokisikia. Walioketi wiki zote nane bila kuwa na pa kukipeleka walichojifunza waliondoka na madaftari mazuri. Basi kabla ya kujisajili warsha, jiulize kama una kazi inayousubiri ustadi huo ndani ya muhula huuhuu.

## Mashindano ya usanifu na hakathoni

Kundi hili linapendwa na linaogopwa, na vyote viwili vina sababu.

Tuanze na muda, kwa kuwa ndipo watu wanapoumia. Yapo mashindano ya aina tatu. Hakathoni, ambamo timu huunda programu au kifaa kwa mkupuo mmoja, huchukua saa 24 hadi 48 na kulala kidogo. Mashindano ya kuandika programu kama ICPC, ambamo wanafunzi watatu hugawana kompyuta moja kwa saa tano, yana siku fupi na mazoezi marefu. Halafu kuna ya msimu mzima: gari, roboti, ndege isiyo na rubani, mtumbwi wa zege. Haya ya msimu mzima ni kama somo la ziada lisilo na alama, na mara nyingi linadai saa nyingi kuliko somo lolote ulilosajili. Kipindi kigumu cha timu kina tabia ya kugongana na mitihani.

Maarifa yake hayapatikani darasani kwa urahisi. Darasani tatizo linakuja limeshasafishwa, likiwa na data kamili na jibu moja. Kwenye timu, bolti uliyoichagua kwa hesabu haipo stoo, iliyopo ni fupi, na aliyesanifu kipande cha jirani amebadilisha kipimo bila kumwambia mtu. Kumaliza kazi katika hali hiyo ndio uhandisi wenyewe.

Mikono: ndiyo, lakini si kwa wote na si mara moja. Mgeni wa timu anaweza kukaa wiki kadhaa akifagia karakana na kupanga bolti. Uliza mapema kazi zinagawanywaje. Timu nzuri humpa mgeni kipande kidogo chenye jina lake na tarehe ya kukikamilisha.

Wengi hudhani lazima uwe mtu wa spana. Tazama jinsi alama zinavyogawanywa katika Formula SAE, mashindano ya magari ya wanafunzi ambayo ndugu yake, Formula Student, ilianza Uingereza mwaka 1998. Jumla ni alama 1,000. Kati yake 325 hutolewa gari likiwa limesimama: 150 za kutetea usanifu mbele ya majaji, 100 za gharama, 75 za kuwasilisha mpango wa biashara. Mbio ya kustahimili ya kilomita kama 22 ina alama 275, na ndipo magari mengi hukwama, yakisimamishwa na waya uliolegea au bomba linalovuja. Karibu theluthi ya alama basi inategemea watu wanaoweza kupiga hesabu za gharama, kuandika ripoti inayoeleweka na kumjibu jaji bila kubabaika. Mwanafunzi mpole anayependa lahajedwali ana nafasi yake, na timu nyingi zinamhitaji kuliko zinavyojua.

Watu: wenzako, kwa muda mrefu, wakiwa wamechoka. Urafiki unaotokana na hapo hudumu, na ugomvi pia. Majaji huwa wahandisi walioko kazini, na maswali yao yanafaa kuliko hotuba nyingi.

Kinachobaki: hapa hakuna wa kushindana naye. Michoro, picha, matokeo ya majaribio, na hadithi ya kipande kilichovunjika na sababu yake. Hakathoni inabakisha pungufu ya hapo, maana kazi nyingi za usiku mmoja huwaka mbele ya majaji na hazifunguliwi tena. Ukienda hakathoni, nenda kujifunza kuamua haraka nini kiachwe.

Kwa anayeogopa kupoteza alama, kuna njia ya kati: mashindano yaliyomo ndani ya somo lenyewe. Huko MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani, tangu miaka ya 1970, mhadhiri Woodie Flowers aliligeuza somo la usanifu wa mitambo kuwa shindano, ambapo kila mwanafunzi alipewa vifaa vilevile na kuunda mashine ya kupambana na za wenzake. Ndaki nyingi zina somo la aina hiyo sasa. Saa unazotumia huko zinahesabiwa kwenye matokeo yako.

## Siku ya waajiri na ziara za viwandani

Nimeyaweka pamoja kwa sababu yote yanakutoa nje ya fikra za mtihani.

Siku ya waajiri ni ya saa chache, lakini wasifu ulioandikwa vizuri unahitaji jioni mbili tatu kabla yake. Maarifa utakayopata ni madogo ila ya lazima: wanatafuta nini, wanaita kazi zao majina gani, wanaajiri mwezi gani. Mikono hakuna. Watu ni wengi, kila mmoja dakika tatu au nne. Kwenye meza ya kampuni mara nyingi kuna ofisa wa rasilimali watu na mhandisi mmoja aliyeletwa karibu kwa nguvu. Nenda kwa mhandisi. Muulize wiki yake iliyopita ilikuwaje na programu gani ziko kwenye kompyuta yake. Atafurahi kuulizwa jambo analolijua. Kinachobaki ni mawasiliano, na yanaoza upesi usipoandika ujumbe mfupi siku mbili za mwanzo.

Mwaka wa kwanza na wa pili huambiwa siku hiyo haiwahusu. Sikubaliani. Kwenda wakati huhitaji kazi kunakupa uhuru wa kuuliza unachotaka, na unarudi ukijua warsha ipi ujisajili.

Ziara ya kiwandani inachukua siku nzima pamoja na safari, na nyingi ni kutembea na kusikiliza kwa shida kwenye kelele. Hata hivyo inafundisha ukubwa wa vitu. Kwenye mchoro pampu ni duara dogo. Kiwandani unahitaji ngazi kuifikia valvu yake, na unaanza kuelewa kwa nini mhandisi mzoefu huuliza kwanza fundi atapita wapi kwenda kuifungua. Watu utakaoongea nao ni waendeshaji mitambo, na wanajibu vizuri ukiwauliza nini huharibika mara kwa mara. Kinachobaki ni kidogo kwa karatasi, kwani picha mara nyingi haziruhusiwi.

## Njia ambayo haipo kwenye matangazo

Kabla ya mwongozo, neno moja kuhusu kamati za maandalizi. Anayempokea mgeni mlangoni, kumfungia projekta na kumsindikiza baada ya mada anapata nusu saa ya mazungumzo ambayo ukumbi mzima haukupata. Kazi yenyewe inachosha na haina sifa: kuandika barua, kubana bajeti, kutafuta kipaza sauti kisichokoroma. Lakini ukiwa mtu wa haya, usiyeweza kumfuata mgeni na kuanza maongezi, kuwa na kazi ya kufanya karibu naye kunakuondolea tatizo hilo. Kamati ya semina za idara huwa haijai kamwe.

## Uchague vipi, kulingana na ulipo

Mwaka wa kwanza, fani bado haijakukaa: anza na vya bei nafuu kwa muda. Ziara moja, mhadhara mmoja wenye tatizo ndani yake, shindano la dakika tatu. Tembelea karakana ya timu kama mtazamaji kabla ya kujiunga, ikiwezekana katika wiki yao mbaya.

Alama zako ni nzuri lakini hujawahi kushika chuma: warsha kwanza, halafu timu ya msimu mzima, kwa mpangilio huo. Anayeingia kwenye timu akiwa na ustadi mmoja uliokamilika hafagii kwa muda mrefu.

Alama zinayumba: timu ya msimu mzima iache kwa sasa, hata kama rafiki zako wote wamo. Semina ya saa moja kwa wiki haitakudhuru, na shindano lililomo ndani ya somo litakusaidia. Ukiwa na hamu isiyozuilika, omba kazi yenye mpaka, kama ripoti ya gharama, yenye mwanzo na mwisho unaojulikana.

Unatafuta mada ya mradi au msimamizi: semina na utetezi wa tasnifu, na daftari la mistari mitatu. Nenda pia kwenye semina za idara jirani. Mwanafunzi wa mitambo akikaa kwenye semina ya umeme husikia matatizo ya joto na mtetemo ambayo wenye fani wanayaona kero, na kwake ni mada tayari.

Unakaribia kuhitimu bila kitu cha kuonyesha: siku ya waajiri iko mbele yako na huna miezi ya kujenga gari. Chukua warsha moja yenye zao la kushikika, ikamilishe hadi mwisho, ipige picha, kisha nenda nayo mezani. Mazungumzo juu ya bodi moja uliyoilehemu mwenyewe na hitilafu uliyoitafuta yanakwenda mbali kuliko orodha ya matukio kumi uliyohudhuria.

Uko uzamili au uzamivu: kuhudhuria tu hakukutoshi tena. Omba nafasi ya kutoa mada katika semina ya idara mapema, matokeo yakiwa bado nusu, kwa sababu ukosoaji wa wakati huo unaweza kuutumia. Ukingoja yakamilike, utakosolewa na mtahini.

Unafanya kazi, au unaishi mbali na chuo, na una nafasi moja kwa wiki: tenga yanayorekodiwa na yasiyorekodiwa. Mihadhara mikubwa na semina nyingi huwekwa mtandaoni, zisikilize usiku. Siku unayofika chuoni itumie karakanani au maabara. Jisajili mara tu orodha ya warsha inapofunguliwa, na umwambie mkufunzi mapema ikiwa zamu itakuchelewesha, maana nafasi za wasiotokea mara nyingi hugawiwa wengine kabla mafunzo hayajaanza.